Kizazi kilichoshuka na damu kuganda: kutembea, soksi, mashine ya hewa au sindano?

Mama anayesubiri upasuaji wa kizazi kilichoshuka, yaani kilichoteremka ukeni, huja amejiandaa kwa mambo mengi. Ameuliza atalala wadini siku ngapi, nyuzi zitatolewa au zitayeyuka zenyewe, ataanza lini kuinua mzigo. Damu kuganda haimo katika maswali yake. Inamkuta asubuhi ya upasuaji, gauni la hospitali ameshalivaa, muuguzi ameshika soksi nyeupe mkono mmoja na bomba dogo la sindano mkono mwingine, naye anaitikia tu kwa kuwa wakati wa kuuliza umepita.

Mimi ni muuguzi wa wadi ya wanawake, na sipendi mambo yaende hivyo. Uamuzi huu ungefanywa wiki tatu au nne kabla, mama na anayemuuguza wakiwa wamekaa na daktari bila haraka. Njia za kuzuia damu isigande ni nne: kutembea na kunywa maji, soksi za kubana, mashine ya hewa inayokanda miguu, na sindano ya heparini, dawa inayopunguza damu kuganda. Kila moja ina nguvu na udhaifu wake, na inayomfaa mama wa miaka 62 anayepanda ngazi kila siku inaweza kumuumiza mama wa miaka 81 mwenye figo dhaifu.

Hatari inaanzia wapi

Madaktari bado hutumia mambo matatu yanayohusishwa na Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19: damu ikituama, ukuta wa mshipa ukiumia, au damu yenyewe ikiwa nyepesi kuganda, donge linaweza kutokea ndani ya mshipa. Upasuaji wa nyonga, yaani wa eneo la chini ya tumbo alimo kizazi, huleta yote matatu. Mama hulazwa chali, miguu imeinuliwa kwenye vishikio na magoti yamekunjwa, saa nzima au zaidi. Misuli ya shavu la mguu, ambayo ndiyo pampu ya kurudisha damu juu kwenda moyoni, imelala pamoja naye. Kisu nacho kinauamsha mwili ugandishe damu. Kwenye kidonda tunataka hivyo, lakini mwili haugandishi pale tunapotaka peke yake.

Kwa mama mzee mwenye tatizo hili, mambo huanza mapema zaidi, akiwa bado nyumbani. Namkumbuka mmoja wa miaka sabini na kitu. Kila nilipopita kitandani kwake kikombe cha maji kilikuwa kimejaa vile vile. Binti yake alidhani hana kiu. Nilipokaa karibu naye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba maji ameyapunguza tangu mwaka uliopita, kwa sababu akinywa mkojo unamtoka, na akitembea kile kinachoning'inia kinamkwaruza mapajani, basi siku nzima anakaa. Midomo yake ilikuwa imekauka. Nilipomvua soksi zake za kawaida niliona mpira wa soksi umeacha alama nzito kwenye mguu wa kushoto, na kwenye wa kulia hakuna kitu. Altrasaundi ilionyesha donge tayari lipo, kabla ya kisu, kabla ya dawa ya usingizi. Upasuaji wake uliahirishwa, akaanzishiwa matibabu.

Ndiyo maana nasisitiza neno "kabla". Mama asiyekunywa maji na asiyetembea kwa miezi anaingia chumba cha upasuaji akiwa na mambo mawili kati ya yale matatu.

Sasa tuweke hofu mahali pake. Katika upasuaji wa kurudisha kizazi, hasa unaopitia ukeni, wanaopata donge la damu ni wachache, chini ya 1 kati ya 100. Lakini donge likikatika mguuni na kwenda mapafuni linaweza kuua ndani ya dakika chache, na mara nyingi halitokei wadini. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2009, uliofuatilia karibu wanawake milioni moja wa makamo waliofanyiwa na wasiofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali, ulionyesha kwamba katika wiki 6 za kwanza baada ya upasuaji wa kulazwa, uwezekano wa kulazwa tena kwa sababu ya damu kuganda ulikuwa takriban mara 70 ya ule wa mwanamke asiyepasuliwa. Kilele kilikuwa wiki ya 3. Wakati huo mama yuko nyumbani, wageni wameacha kuja, na kila mtu anadhani yameisha.

Alama, na mpaka wa alama

Hospitali nyingi hupima hatari kwa alama za Caprini, zilizotungwa na daktari wa upasuaji wa Marekani, Joseph Caprini. Miaka 41 hadi 60 ni alama 1, 61 hadi 74 ni alama 2, na 75 kwenda juu ni alama 3. Upasuaji mkubwa, au wa matundu tumboni, unaozidi dakika 45 ni alama 2. Uzito uliozidi 1, miguu iliyovimba 1, mishipa ya miguuni iliyotutumka 1, vidonge vya homoni 1. Saratani iliyopo ni 2. Aliyewahi kupata donge, au ambaye ndugu wa damu aliwahi kulipata, 3. Jumla ya 3 au 4 huhesabiwa hatari ya kati, 5 na zaidi hatari kubwa.

Hesabu ya mama wa miaka 76, mwembamba, mzima, hana ugonjwa wowote, upasuaji wake utachukua saa moja na nusu: 3 na 2 ni 5. Ameshaingia hatari kubwa kwa umri na muda tu. Hapa huwa nasita. Mfumo huu haukutungwa kwa ajili ya kizazi kilichoshuka peke yake, na kwa upasuaji huu madonge ni machache kuliko alama zinavyotisha. Alama zianzishe mazungumzo. Zisifanywe amri ya sindano kwa kila mwenye miaka 75.

Vipimo viwili huulizwa sana. Cha damu, kile kinachoandikwa D-dimer kwenye karatasi ya maabara na kinachopima mabaki ya madonge yanayoyeyuka, hupanda chenyewe kadiri umri unavyosonga. Kwa mgonjwa anayeshukiwa kidogo kuwa na donge, aliyevuka miaka 50, madaktari wengi huzidisha umri kwa 10 kupata kikomo chake: mwenye miaka 78 kikomo ni mikrogramu 780 kwa lita badala ya 500 ya kawaida. Kikiwa chini kinatuliza moyo. Kikiwa juu kwa mzee, hakijasema mengi. Altrasaundi ya mishipa ya miguu, kwa upande wake, inaonyesha donge lenyewe, haiumi, haina mionzi. Kwa kila mama si lazima. Kwa mama ambaye mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, au ambaye hajatembea kwa wiki nyingi, mimi ningeiomba kabla ya jambo lingine lolote, na chini huko utaona sababu nyingine ya kuiomba.

Mizani tutakayotumia

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale: inazuiaje, inaweza kumdhuru vipi, nani haimfai, ikifika nyumbani inakuwaje, na nani inamfaa zaidi. Swali la madhara nalipa uzito wa pekee kwa sababu ya mahali tunapopasua. Nyuzi za kurudisha kizazi hukaa ndani kabisa, jirani na mishipa mikubwa ya nyonga. Damu ikivuja huko haionekani kwenye shuka. Inavilia ndani kimya kimya, na dalili ya kwanza inaweza kuwa mama analalamika kubanwa sehemu ya haja kubwa, au mapigo ya moyo yanakwenda mbio.

Njia ya kwanza: kuamka mapema, kutembea na kunywa maji

Inazuia kwa kuirudisha kazini ile pampu ya shavu la mguu. Kila hatua inaibana misuli na kuisukuma damu juu. Watu huidharau njia hii kwa kuwa haina jina la kitaalamu wala kifungashio, lakini ni msingi ambao nyingine zote zinajengwa juu yake, na kwa mama mwenye hatari ndogo inaweza kutosha peke yake.

Madhara yake ni kuanguka. Mzee aliyetoka kwenye ganzi ya mgongo, shinikizo la damu liko chini, ana mpira wa mkojo na gozi (kitambaa cha kuzuia damu) lililojazwa ukeni, akisimama ghafla anaweza kudondoka na kuvunja nyonga. Kwa hiyo kuna utaratibu: kwanza achezeshe vifundo vya miguu akiwa amelala, vidole juu, vidole chini, mara 10 kila saa. Halafu akae ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, dakika kadhaa. Ukimwona macho yanazubaa au jasho linamtoka, mlaze. Akiwa sawa, asimame huku ameshikwa, atembee hadi mlangoni, arudi. Mfuko wa mkojo hutembea naye, ushikwe chini ya usawa wa kibofu. Kitu kimoja nimekiona mara nyingi: mama anagoma kuamka kwa sababu anahisi gozi litamtoka au nyuzi zitafumuka. Mwambieni mapema kwamba kutembea polepole hakufumui nyuzi. Kinachodhuru kidonda hiki ni kunyanyua vizito na kujikamua chooni.

Haimfai, ikiwa peke yake, mama ambaye hata kabla ya upasuaji hatembei: magoti yamekwisha, kiharusi kimeacha upande mmoja, uzito umemzidi. Nyumbani haihitaji chochote zaidi ya mtu wa kumkumbusha, kwani kitanda cha nyumbani kina mvuto kuliko cha wadi. Na maji yarudi, hata kama mkojo ulimsumbua zamani. Daktari akiwa amempa kiwango maalumu kwa sababu ya moyo au figo, afuate hicho. Inamfaa zaidi mama wa miaka ya sitini, mwepesi, ambaye upasuaji wake ni mfupi.

Njia ya pili: soksi za kubana

Hizi hubana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda, ili mishipa iwe myembamba na damu ipite kwa kasi. Sifa yao ni kwamba hazimfanyi mtu avuje damu. Lakini ushahidi wake umepungua nguvu miaka ya karibuni. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020 ulichukua wagonjwa wa upasuaji wenye hatari ya kati na kubwa, nusu wakapewa sindano peke yake, nusu sindano na soksi. Waliopata donge walikuwa 1.7 kati ya 100 bila soksi na 1.4 kati ya 100 wenye soksi, tofauti isiyotosha kusema soksi zimeongeza kinga. Ukishachoma sindano, basi, soksi zinaongeza kidogo sana, kama zinaongeza.

Madhara yake ni ya ngozi, na ngozi ya mzee ni nyembamba kama karatasi. Soksi iliyojikunja nyuma ya goti inageuka kamba. Isiyo saizi yake inakata kifundo au kisigino. Ndiyo maana mguu hupimwa kwa utepe, mzunguko wa shavu na wa kifundo, kila mguu peke yake. Soksi ya kukisia kwa macho ni afadhali isivaliwe. Zivuliwe kila siku, visigino vitazamwe, vidole vitazamwe, ngozi ioshwe na kukaushwa.

Haziwafai wenye mishipa ya ateri iliyoziba miguuni, wenye kisukari kilichoua hisia za nyayo, wenye vidonda au miguu iliyovimba sana. Mama mwenye ateri mbovu akibanwa soksi anaweza kupoteza vidole, kwa hiyo muuguzi aguse mapigo ya unyayo kwanza. Nyumbani tatizo ni kuzivaa: mama aliyekatazwa kujikunja na kujikaza hawezi kuzivuta mwenyewe, lazima awepo mtu. Zinamfaa mama asiyeweza kupata sindano, pahali ambapo mashine ya hewa haipo, na miguu yake ni mizima.

Njia ya tatu: mashine ya hewa

Vifuko vya kitambaa hufungwa kwenye mashavu ya miguu, wakati mwingine hadi mapajani, na mashine iliyo ubavuni mwa kitanda inavijaza hewa na kuvilegeza, zamu kwa zamu. Utasikia mlio kama mtu anayevuta pumzi ndefu, kimya kidogo, kisha tena. Akina mama wengi husema inawakanda, wengine inawanyima usingizi usiku wa kwanza.

Uzuri wake mkubwa katika upasuaji huu ni kwamba inaanza kazi kabla ya usingizi kuingia na inaendelea miguu ikiwa juu kwenye vishikio, ule wakati ambao kutembea hakuwezekani na daktari wa upasuaji hataki damu inayovuja kirahisi. Nayo haisababishi kuvuja hata tone. Ushahidi wake una nguvu kuliko wa soksi: kwa wagonjwa wa kiharusi wasiotembea, utafiti uliotolewa mwaka 2013 uliona madonge yakishuka kutoka 12.1 hadi 8.5 kwa kila wagonjwa 100. Hao si wagonjwa wa upasuaji, lakini ni watu waliolala bila kusogea, na hali hiyo tunaijua.

Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi ikiwa imefungwa na imewashwa, na mara nyingi haijawashwa. Mama akienda chooni inafunguliwa, akirudi anasahaulika. Nimeingia wadini asubuhi nikakuta vifuko vimening'inia kwenye ukingo wa kitanda, mashine inapuliza hewa kwenye shuka. Ndugu aliyekaa na mgonjwa anaweza kuliangalia hili vizuri kuliko mtu yeyote: akiwa kitandani, viwe miguuni. Na ile mipira ya hewa ifunguliwe kabla hajasimama, isije ikamwangusha.

Haimfai mwenye ateri zilizoziba au vidonda vya miguu, na kwa hakika haifungwi kwenye mguu wenye donge jipya, kwa hofu ya kulikatua na kulipeleka mapafuni. Hii ndiyo ile sababu ya pili ya altrasaundi: mguu uliovimba upande mmoja uchunguzwe kabla ya kufungwa chochote. Nyumbani mashine kwa kawaida haiendi, kwa hiyo kinga yake inaishia mlango wa wadi huku hatari ikiendelea kwa wiki. Inamfaa zaidi mama mwenye hatari ya kati, na mama mwenye hatari kubwa ambaye bado tunaogopa kumvujisha damu.

Njia ya nne: sindano ya heparini

Heparini iligunduliwa mwaka 1916 na Jay McLean, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Baltimore. Leo inayotumika zaidi kwa kinga ni ile iliyovunjwa vipande vidogo, kama enoksaparini, kwa kawaida miligramu 40 mara moja kwa siku chini ya ngozi ya tumbo. Heparini ya zamani huchomwa yuniti 5,000 kila saa 8 au 12. Kati ya njia zote nne, hii ndiyo inayoifikia damu yenyewe: inapunguza wepesi wake wa kuganda popote ilipo, mama akiwa amelala, amekaa au amesahau mazoezi yake.

Dawa hiyo hiyo inayozuia donge baya inachelewesha lile zuri la kidonda. Kuvuja ndiyo gharama yake, na nimeshaeleza damu ya nyonga inavyojificha. Wakati wa kuchoma kwa hiyo una maana kubwa. Kama mama atapewa ganzi ya mgongo, dozi ya kinga ya enoksaparini inatakiwa itangulie ganzi kwa angalau saa 12, la sivyo damu inaweza kuvilia kwenye uti wa mgongo na kupoozesha miguu. Wapasuaji wengi hupendelea kuanza saa kadhaa baada ya upasuaji, wakishaona kidonda kimetulia. Mara chache heparini inashusha chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10, na hapo damu huanza kuganda badala ya kulegea. Dawa husimamishwa mara moja.

Figo ndizo zinazoitoa enoksaparini mwilini, na hapa kizazi kilichoshuka kina siri yake. Kizazi kikitoka nje kabisa kinaweza kuivuta na kuikunja mirija inayoteremsha mkojo kutoka figoni, mkojo ukarudi nyuma, figo zikaumia bila maumivu yoyote. Mama mwembamba wa miaka 80 anaweza kuwa na kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo) inayoonekana ya kawaida kwenye karatasi wakati figo zake zinafanya kazi chini ya nusu, kwa sababu hana misuli ya kuizalisha. Ombeni daktari akokotoe uwezo wa figo kwa umri na uzito wake. Ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, dozi hupunguzwa au heparini ya zamani hutumika badala yake.

Lipo jambo jingine ambalo wagonjwa hawaambiwi: heparini hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Mama ambaye imani yake inamzuia ana haki ya kulijua mapema, amuulize kiongozi wake wa dini, azungumze na daktari. Ipo fondaparinuksi inayotengenezwa maabara bila mnyama, ingawa nayo haifai figo zilizochoka sana. Kumwambia mtu habari hii akiwa juu ya machela si haki.

Nyumbani sindano inawezekana kabisa. Mama akae ameegemea, ngozi ya tumbo ivutwe kidogo kwa vidole viwili, mbali na kitovu, sindano iingie wima yote, dawa isukumwe polepole, ngozi iachiwe sindano ikishatoka. Kile kiputo cha hewa kwenye bomba lililojazwa kiwandani kisitolewe. Pasisuguliwe baadaye, maana kusugua ndiko kunakoleta yale mabaka meusi. Leo kushoto, kesho kulia. Mara nyingi ni siku chache hadi wiki moja. Wenye saratani ya tumbo au nyonga hupewa hadi siku 28.

Inamfaa zaidi mama aliyewahi kupata donge, mwenye saratani, mwenye uzito mkubwa, au asiyetembea. Haimfai mwenye vidonda vya tumbo vinavyovuja, chembe sahani chache, au aliyevuja sana wakati wa upasuaji.

Upasuaji wenyewe nao huchaguliwa

Kuna kuusimamisha uke kwa wavu unaofungwa kwenye mfupa wa chini ya mgongo, kupitia matundu ya tumboni: kazi ya saa kadhaa, kichwa kimeinamishwa chini, tumbo limejazwa gesi. Kuna kurekebisha kupitia ukeni. Na kuna kuufunga uke, kwa mama ambaye hatahitaji tena tendo la ndoa, upasuaji mfupi unaoweza kufanywa kwa ganzi ya mgongo. Mama wa miaka 83 mwenye alama 7 asijadiliwe sindano tu bila kuulizwa kama ule mfupi ungemtosha. Ni swali la aibu mbele ya binti yake, kwa hiyo aulizwe faraghani.

Pia ipo pesari, pete ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia kizazi. Inahitaji kusafishwa na kukaguliwa kila miezi michache, huleta uchafu ukeni na wakati mwingine kidonda, lakini haina kisu wala dawa ya usingizi. Upasuaji huu si wa dharura. Mama mwenye donge jipya kwa kawaida huahirishiwa angalau miezi 3, na pesari humsaidia atembee wakati anasubiri.

Kwa hali yako

Una miaka ya sitini, unatembea, huna ugonjwa mwingine, unafanyiwa upasuaji wa ukeni usiozidi saa moja na nusu: mashine ya hewa ndani ya chumba cha upasuaji na kutembea jioni ile ile ni mpango mzuri. Sindano si lazima, na daktari akiipendekeza muulize ni alama ipi iliyoiongeza.

Umevuka 75 lakini u mzima: mashine ya hewa hadi utakapotembea vizuri, na sindano ijadiliwe kwa kuangalia figo, uzito na kiasi cha damu kilichopotea. Madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana hapa, na wote wakawa na sababu.

Umewahi kupata donge, au una saratani: sindano pamoja na mashine, na mpango wa kwenda nayo nyumbani uandikwe kabla ya kulazwa. Ikiwa una ndugu wa damu aliyewahi kupata donge, mtaje hata kama hukuulizwa.

Unatumia warfarini, aspirini au kidonge kingine cha kulegeza damu: usikiache wala usikiendeleze kwa uamuzi wako. Warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, lakini kwa baadhi ya wagonjwa lazima kitu kingine kishike nafasi yake. Vidonge vya homoni za ukoma hedhi vitajwe pia, kwani hospitali nyingi huvisimamisha wiki 4 kabla. Krimu ya estrojeni ya ukeni ya dozi ndogo haimo katika hofu hiyo.

Miguu ina vidonda, kisukari kimeua hisia, au nyayo ni baridi: soksi na mashine ziwekwe kando, mzigo ubebwe na sindano na kutembea.

Figo ni dhaifu au kizazi kimetoka nje kabisa: figo zikaguliwe kwanza, kwa damu na kwa altrasaundi. Mashine inatangulia, na dozi ya sindano inakokotolewa upya.

Umesharudi nyumbani, ni wiki ya pili au ya tatu, mguu mmoja umevimba na shavu lake linauma: usikandwe, usipakwe dawa ya kuchua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikatika ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukikohoa damu au ukizimia, ni dharura hata kama ni saa nane za usiku. Mwambie wa kwanza atakayekupokea kwamba umefanyiwa upasuaji wa kizazi kilichoshuka, na umtajie tarehe.